Siri ya Mtungi Usio na Lakiri

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama dukani, mkono mmoja juu ya mtungi wa gesi, mwingine umeshika simu, mume wangu akiniambia nikimbie hospitali kwa sababu dada yake ameungua.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitarudi nyuma kidogo. Mimi ni wakala wa gesi ya kupikia. Kampuni yetu imeukata mji kama mkate, kila wakala na kipande chake. Mfereji mkubwa wa maji ya mvua ndio mpaka: upande huu ni wangu, ng'ambo ni kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Kanuni ni moja na haina kona. Usiuze nje ya eneo lako. Na ili mtu asidanganye, kila mtungi unafungwa shingoni kwa lakiri ya plastiki. Zangu ni za njano, za wifi ni za buluu.

Mimi nilikuwa nauza ng'ambo.

Upande wangu kiwanda kilifungwa, wapangaji wakahama, na wakala asiyefikia lengo la mauzo hunyang'anywa eneo. Nikawa nazibandua lakiri zangu kwa bisibisi, mitungi inavuka daraja shingo wazi. Nafasi niliipata kwa sababu wifi alikuwa akifunga duka mapema kwenda kumuuguza mama. Mama yake mzazi. Mama mkwe wangu.

Na wifi huyo ndiye aliyenishika mkono nikaingia kwenye kazi hii. Alinidhamini kwa kampuni wakati sijui hata kufunga regulata.

Basi, nikaenda hospitali.

Nilimkuta kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, shingo imepakwa dawa nyeupe. Mume wangu alikuwa dirishani, ametupa mgongo.

"Wifi, umefika," alisema. "Kaa hapa. Usisimame kama mgeni."

"Pole, wifi yangu. Ilikuwaje?"

"Unamjua msusi wa saluni ya pale kona? Anatumia gesi kuchemsha maji ya kuoshea nywele. Amepiga simu kampuni, akasema mtungi unalia kama nyoka. Kampuni wakanipigia mimi, maana ni eneo langu. Nikaenda mbio."

"Kwa nini hukumwambia autoe nje mwenyewe?"

"Ana mimba, wifi, mimba ya kuhesabia siku. Na ndani kulikuwa na wateja, mmoja kichwa kina povu."

Alifungua madirisha, akawatoa wote, akajaribu kufunga valvu ikakataa. Akaubeba mtungi kwa mikono yake akautoa kwa mlango wa nyuma. Huko nyuma jirani alikuwa ameweka jiko la mkaa.

"Sikuliona," alisema. "Niligundua tu hewa yote imekuwa moto."

Nikamshika mguu juu ya shuka. Sikujua pengine pa kushika.

"Lakini sikiliza," akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Ule mtungi haukuwa wangu. Niliukagua shingo kabla sijaubeba. Hauna lakiri, si ya buluu, si ya rangi yoyote. Na mpira wa valvu umechanika, kama kuna mtu aliuchokonoa kwa chuma."

Nikatazama sakafu. Nilijua chuma gani.

"Nani anaweza kufanya hivyo, wifi? Wewe uko kwenye biashara, unasikia mengi."

Nikamjibu, "Watu siku hizi hawana utu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaweka hapa kama nilivyoyasema, bila kuyapaka rangi.

Mume wangu akageuka kutoka dirishani. Si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyatafuta. "Mtu wa namna hiyo hana ndugu," alisema.

Anao. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anasema.

Kabla sijapata pumzi, meneja wa kanda akaingia, kofia mkononi. Ni mtu mpole, wala sitaki mumwone mbaya. Alimpa wifi pole, akauliza dawa, akauliza chakula. Kisha akakohoa kidogo.

"Mama, hili jambo naona aibu kulisema hapa. Lakini mtungi usio na lakiri ukikutwa ndani ya eneo la wakala, kwa kampuni ni wa wakala huyo mpaka athibitishe vinginevyo."

"Unasema mimi najaza mitungi kienyeji?"

"Mimi sisemi. Kanuni ndiyo inasema. Na mauzo yako yameshuka miezi hii, mama. Makao makuu wanajumlisha mambo. Wanasema huyu hanunui kwetu, basi anajaza kwake."

Mauzo yake yalishuka kwa sababu wateja wake nilikuwa nao mimi.

"Nimesimamishwa?" wifi aliuliza.

Meneja akaikunja kofia. "Mpaka uchunguzi uishe."

Wifi akafumba macho. Hakulia. Alisema tu, "Mama yangu anaishi kwa lile duka." Nami nilikuwa pale, nimemshika mguu, na ulimi wangu umelala kinywani kama mgonjwa mwingine wa wodi ile.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Walikuwa wanasema mtungi wa maji, lakini wangu wa gesi nao ulikuwa na kata yake: dereva wangu wa pikipiki, mzee wa wajukuu ambaye mtaa mzima unamwita Kimya.

Kesho yake asubuhi nilimkuta nyuma ya duka akifuta tangi la pikipiki lililokuwa safi tayari.

"Kuanzia leo usivuke daraja," nikamwambia.

"Na wale wa kule wakipiga simu?"

"Waambie mitungi imekwisha."

Akaendelea kufuta. Halafu, kwa mtu anayeitwa Kimya, akasema sana. "Bosi, ule wa saluni ni mimi niliupeleka. Nilikwambia."

Hapa nisimame niombe radhi. Wiki iliyopita niliwaeleza kwamba sikujua kama kuna mtungi mbovu. Niliwaficha. Nilikuwa natafuta namna ya kubaki mtu mzuri machoni penu, na karibu nifanikiwe.

Ukweli ni huu. Asubuhi ile bisibisi iliniteleza. Niliingiza ncha chini ya lakiri, nikasukuma, ikazama ndani ya valvu. Kimya akainama akatazama. Akasema, "Bosi, mpira umechanika. Huu tuuweke pembeni." Simu ilikuwa inalia, msusi ananiharakisha, maji ya wateja wake hayajachemka. Nikasema, "Peleka tu, ni mkwaruzo."

Mkwaruzo.

"Mimi ni mtu wa kutumwa," Kimya alisema, akikunja kitambaa chake. "Lakini na mimi niliubeba. Usiku ule mke wangu aliniuliza mbona sili."

"Utasema?"

"Sitasema. Jina langu unalijua." Akanitazama. "Ila sitavuka daraja wala sitabeba mtungi wako mwingine. Tafuta dereva."

Akaning'iniza ufunguo wa pikipiki kwenye msumari, akaondoka kwa miguu.

Mama mkwe sasa hakuwa na wa kumuuguza. Mume wangu alipouliza itakuwaje, nikajibu haraka, "Nitakwenda mimi." Akanishukuru. Kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunishukuru kwa jambo lolote, huchukulia kwamba najua, na siku aliyoamua kusema asante ikawa hiyo.

Nikawa naenda kila jioni. Namwogesha mama, namgeuza, namnywesha chai kwa kijiko. Macho yake hayaoni vizuri lakini masikio yake ni ya ujana.

"Mkwe wangu," aliniambia siku moja, "wanasema kuna mtu alimuuzia yule msusi mtungi mbovu."

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Majirani wanataka nimlaani. Mimi nimekataa. Laana haina macho, mwanangu. Ikitoka inaweza kuwapata watoto wa huyo mtu, nao hawana kosa."

Watoto wa huyo mtu ni wajukuu zake. Walikuwa uani wakati ule, wanagombania kiti.

Nikamfuta mdomo. Akanishika kifundo cha mkono akasema, "Mungu akuzidishie, maana wewe umekuwa zaidi ya mkwe." Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka mtoto wangu mkubwa alipokuja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni kichwa.

Mngeniuliza siku hiyo, ningewaambia nimefika chini kabisa. Kumbe shimo lilikuwa na ghorofa nyingine.

Meneja wa kanda akaniita ofisini. Nilikwenda nikijua nimegundulika, na niwe mkweli, nusu yangu ilikuwa inaona afadhali. Akanivutia kiti. Akanipa maji ya kunywa.

"Mama, nitakwenda moja kwa moja. Eneo la ng'ambo haliwezi kukaa bila mtu. Watu wanahitaji kupika. Makao makuu wametazama mawakala wote wa karibu, na wewe mauzo yako yamepanda wakati ya wenzako yanashuka. Wanasema wewe ndiye mtu wa kazi."

Sikuelewa kwanza. "Kazi ipi?"

"Uchukue maeneo yote mawili. Mfereji usiwe mpaka tena."

Nilikuja na maneno ya kuungama, nimeyapanga tangu njiani. Nikayasikia yanarudi chini, moja baada ya jingine.

"Na wifi yangu?" niliuliza.

"Ndiyo maana nilikupendekeza. Wewe ni wa nyumbani, hutamwacha alale njaa. Akija mgeni hatamjali."

Ibilisi hana pembe. Huja na hoja nzuri. Nikajiambia, nikichukua mimi nitamtunza yeye na mama. Nikikataa atachukua mgeni. Nikisema ukweli tutakosa wote, na mume wangu ataniacha. Kwa hiyo kunyamaza kwangu ni huruma. Niliigeuza geuza hoja hiyo mpaka ikang'aa kama sufuria mpya.

"Nipe siku nifikirie," nikasema.

"Fikiria, mama. Lakini nadhani unajua jibu."

Sijafika nyumbani, simu ikaita. Wifi.

"Meneja amenieleza," alisema.

"Wifi, mimi sijakubali. Mimi..."

"Chukua."

Nikasimama pembeni ya barabara.

"Chukua, wifi yangu. Bora wewe kuliko mtu nisiyemjua. Nimetoka hospitali jana, mkono huu hautabeba mtungi tena. Njoo kesho nikutembeze kwa wateja. Mteja hapewi mtu kwa simu, anakabidhiwa uso kwa uso."

"Si lazima utembee, wifi. Bado unaumwa."

"Miguu yangu haikuungua," alijibu, akakata.

Kesho yake nilijifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, nikavaa miwani ya jua ya mume wangu. Mtoto wangu akaniuliza kama naenda msibani. Wifi aliponiona mlangoni kwake hakusema kitu kuhusu miwani. Alinipa mkono wa kushoto, ule mzima, akajishikiza kwangu kama bibi harusi, tukatoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Huyo nilikuwa salama kwake, sijawahi kumuuzia.

"Huyu ni wifi yangu," alisema wifi. "Atakuhudumia badala yangu."

Mzee akanitazama juu hadi chini. "Atakuja kunikagulia bomba kila mwezi kama wewe? Mimi pua yangu haisikii harufu tena. Gesi ikivuja mimi nitajua nikiwa mbinguni."

"Atakuja," wifi akamjibu. Kisha akanigeukia. "Si utakuja?"

"Nitakuja," nikasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kanuni ya maeneo, baada ya miaka kuiita roho mbaya ya kampuni. Wifi alijua nani hasikii harufu, nani ana watoto wanaochezea swichi, nani amepanga jiko chini ya pazia. Mimi niliwauzia watu wale wale na sikujua hata mmoja wao anaishi na nani. Hata siku nilizopeleka mwenyewe, nilikuwa nashusha mtungi na kuondoka. Ndiyo maana waliniita Chapchap.

Tukapita nyumba mbili tatu. Kila tulipokaribia mlango ninaoujua, nikapata sababu. Kwa fundi viatu nikasema jua kali. Kwa nesi nikasema huyu atakuwa kazini. Wifi alikubali kila sababu bila kubisha, tukapita. Nikaanza kupumua.

Tulipofika kwenye mgahawa, hakupita. Akasukuma mlango kwa bega.

"Huyu je, wifi? Labda ana wateja, tusimsumbue," nikasema.

"Hana wateja saa hizi."

Mwenye mgahawa alikuwa mbele ya jiko, anakoroga mchuzi. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuvuka barabara. Alikuwa mteja wangu wa kwanza wa ng'ambo, na mkubwa kuliko wote. Akageuka, mwiko mkononi, macho yake yakampita wifi yakatua kwangu. Mtandio na miwani havikunifaa kitu.

"Chapchap," alisema, bila haya wala wasiwasi. "Wiki nzima nakupigia hupokei. Unataka nipikie kuni?"

Nilisikia mkono wa wifi kwenye mkono wangu. Nikangoja uchomoke.

Haukuchomoka. Ulibaki pale pale, umetulia. Hapo nikaelewa kwamba anajua, kwa sababu mtu aliyeshtuka hatulii hivyo.

"Tukae," wifi akasema.

Tukakaa. Alinivua miwani taratibu kwa mkono wake wa kushoto, akaiweka mezani.

"Msusi alikuja kuniona hospitali, siku ya pili tu," alisema. "Alilia sana, maskini. Akaniambia gesi aliletewa na mzee mmoja asiyesema, ametumwa na mwanamke anaitwa Chapchap. Mzee wa pikipiki asiyesema ni mmoja tu mji huu."

"Wifi..."

"Ngoja. Nilikuuliza pale kitandani nikidhani una habari. Baada ya hapo nikajua. Nikasema nimwache, atakuja mwenyewe. Kila jioni ulikwenda kwa mama, nikasema leo atapitia hospitali aniambie. Hukuniambia. Meneja alipokupa eneo langu, nikapiga simu nikasema chukua, nikitaka nisikie ukikataa. Hukukataa. Leo tumepita milango yote hii, nikasema labda kwenye huu. Labda kwenye ule."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Kwa nini hukumwambia meneja?" niliuliza.

"Wewe ni mama wa watoto wa kaka yangu. Nikikutaja mimi, nimeivunja nyumba yake. Sitaki kuivunja mimi." Akautazama mkono wake wenye bandeji. "Lakini pia sitaki kuitwa mwizi katika mji niliozaliwa. Hayo mawili sijajua nitayapatanisha vipi. Nimechoka kuyapatanisha peke yangu."

"Kaka yako anajua?"

"Hajui. Mama anajua."

"Mama anajua?"

"Mama alijua bila kuambiwa na mtu. Anasema kila akiutaja mtungi wa msusi, kijiko chako cha chai kilikuwa kinamgonga meno."

Nikakumbuka maneno yake kuhusu laana, na jinsi alivyonishika kifundo cha mkono. Nikajifunika uso.

Nje gari likasimama. Mlango wa gari ukafungwa.

"Nilimwita meneja hapa," wifi akasema. "Nimemwambia leo makabidhiano yanakamilika. Hajui zaidi ya hapo."

"Nifanye nini, wifi?"

"Mimi nimeungua kwa ajili yako. Na hilo nalo nikufanyie?"

Meneja akaingia anatabasamu, kofia mkononi kama kawaida yake. Akatusalimu, akavuta kiti, akatoa mfukoni funguo za ghala la wifi pamoja na mfuko wa lakiri mpya za buluu, akavisukuma mezani kuelekea upande wangu.

"Haya, mama," alisema. "Nimefurahi kuona mambo ya familia yanakwenda kifamilia. Karibu ng'ambo."

Wifi akauweka mkono wake mzima juu ya funguo.

"Kabla hajazishika," alisema, "wifi yangu ana neno la kukwambia."

Meneja akanigeukia. Wifi akaangalia pembeni. Na mwenye mgahawa, ambaye muda wote alijifanya anakoroga, akazima jiko ili asikie vizuri.